Gari Lisilo na Spea: Kutafuta Gurudumu na Jeki Kampala

Ukiinua ubao wa sakafu ya buti katika magari mengi madogo ya Kijapani yanayouzwa Kampala siku hizi, hukuti gurudumu la akiba, yaani spea. Unakuta sponji nyeusi iliyochongwa vishimo, kimoja cha pampu ndogo inayotumia umeme wa gari na kingine cha chupa ya gundi ya kuzibia pancha, na pengine ndoano ya kuvutia gari. Jeki haipo, na spana ya gurudumu haipo. Gari langu, Honda Fit ya haibridi, yaani ya petroli na umeme, ya kizazi cha tatu, ni la namna hiyo, na kwa kuwa naishi Bombo na wakwe zangu wako Arua, ilinibidi nilitafutie spea na jeki kabla sijathubutu kulivusha daraja la Karuma. Naeleza kwa kirefu kwa sababu kazi hii, ambayo kila mtu aliniambia ni ya nusu saa, ina mitego mingi, na ushauri unaotolewa vijiweni huishia kwenye maneno mawili matatu: tafuta rimu yenye matundu manne, basi.

Watengenezaji hawakuliondoa gurudumu kwa uchoyo mtupu. Gurudumu kamili la chuma pamoja na tairi lake huwa na uzito wa kilo 15 hivi, na ukiongeza jeki na spana unakaribia 20, mzigo ambao gari hulibeba maisha yake yote huku likiuchomea mafuta. Katika gari langu ipo sababu ya ziada, kwamba betri ya haibridi imelazwa chini ya sakafu ya buti, mahali ambapo shimo la spea lingekuwa. Huko Japani, ambako toleo hili lilianza kuuzwa Septemba 2013, barabara ni za lami karibu kila mahali, na mwenye pancha humpigia simu fundi wa chama cha wenye magari, JAF, akafuatwa alipo. Hesabu yao ni sahihi kwa nchi yao. Sisi tumeipokea bila kuulizwa, tena kwa wingi zaidi tangu sheria ya mwaka 2018 ilipokataza kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, kwani mengi ya magari makuukuu yaliyofungiwa mlango ndiyo yaliyokuwa na spea sakafuni, na yanayochukua nafasi yao ni ya enzi za chupa na pampu.

Chupa yenyewe haina nguvu inayodhaniwa. Gundi hiyo imekusudiwa tundu dogo, la msumari au skrubu ya unene wa milimita 4 hivi, tena liwe kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara. Jiwe kali la barabara ya changarawe likichana ubavu wa tairi, au ukingo wa shimo la lami ukiubana ubavu huo dhidi ya rimu hadi nyuzi zikakatika, unaweza kumimina chupa nzima na ikamwagika yote barabarani. Kuna jambo jingine ambalo wenye magari wachache hulitazama: chupa ina tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo kwa kawaida ni miaka michache tu baada ya kutengenezwa. Gari lililotumika Japani miaka minane au kumi kabla ya kupakiwa melini huteremka Mombasa likiwa na chupa iliyokwisha muda kitambo. Mwuzaji anapokuonyesha chupa hiyo na kukwambia kwamba gari limekamilika, anakuonyesha kitu ambacho pengine kimeganda ndani. Pampu, kwa upande wake, usiitupe. Nitaieleza mbele.

Kwa anayezunguka Kampala tu, sitabishana naye akiamua kuishi bila spea, maana kila baada ya hatua chache yupo kijana mwenye kompresa, na bodaboda anaweza kulibeba gurudumu likazibwe na kurudishwa. Njia ya Arua si hiyo. Ukishapita Luweero na kuelekea Kafu, vituo vinaachana, na kati ya Karuma na Pakwach barabara hupita kando ya mbuga ya Murchison Falls, ambako nyani hukaa lamini kama walipa kodi na tembo huvuka wakipenda. Hapo si mahali pa kumsubiri mtu alete rimu ya kuazima.

Nianze na gurudumu, maana ndilo lenye mitego mingi. Watu huuliza idadi ya matundu na inchi za rimu, wakaona wamemaliza, ilhali vipimo vinavyoamua kama rimu itakaa ni zaidi ya hivyo. Kwanza ni umbali kati ya matundu. Katika rimu ya matundu manne unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Honda Fit, Toyota Vitz, Aqua na Mazda Demio zote zina milimita 100, lakini Nissan Tiida, ambayo nayo ina matundu manne, ina milimita 114.3, na rimu yake haiingii hata ukiisukuma kwa teke. Pili ni tundu la katikati, lile linalokalia kitovu, yaani chuma cha gari kinachoshika gurudumu. La Honda Fit ni milimita 56.1, na la Vitz na Aqua ni 54.1. Tofauti ya milimita mbili haionekani kwa macho, na rula ya shuleni haikupi uhakika, ila inatosha kabisa kulizuia gurudumu lisikae. Tatu ni kina cha rimu, yaani jinsi bamba la katikati lilivyosogezwa ndani au nje, ambacho kikikosewa rimu hugusa breki au tairi hukwaruza chuma cha ndani.

Nilikwenda Kisekka, soko la vipuri vya magari lililo jirani na Nakivubo, kwa sababu huko rimu zilizotumika zimepangwa hadi darini na mtu anaweza kuchagua. Asiyelijua soko hilo ajiandae: hutangulia kukutana na madalali kabla hujamfikia mwenye duka, na rimu unayoonyeshwa huenda imetolewa mbio kwenye kibanda cha mtu mwingine. Kijana aliyenipokea alinijia na rimu safi ya chuma ya inchi 15.

"Hajji, hii ya Aqua inaingia bila taabu. Matundu manne, na inchi ni zile zile."

"Sikatai, mwanangu, lakini tuipeleke kwenye gari tuione kwanza," nilimjibu. Mimi si Hajji, lakini pale kofia yangu ilitosha.

Tuliifikisha kwenye gari, tukafungua gurudumu la mbele, na rimu ikasimama mbele ya kitovu, ikikataa kuingia kwa sababu ya zile milimita mbili. Kijana hakuaibika. Alipendekeza tuipeleke Katwe ikakerezwe tundu la katikati lipanuke. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, na niliizingatia, kwa kuwa mafundi wa Katwe wana mashine za kukereza na wanafanya kazi ngumu kuliko hiyo. Nilichokihofia ni kwamba tundu likikerezwa likaegemea upande mmoja hata kidogo, kitovu hakilishiki tena gurudumu sawasawa na kazi yote ya kulisimamisha katikati huachiwa nati. Isitoshe, kina cha rimu ya Aqua hakiwi cha Fit kwa kukerezwa. Soko zima likiwa mbele yangu, sikuona sababu ya kununua tatizo kisha nimlipe fundi kulipunguza. Nilisema nitasubiri rimu ya Honda, na baada ya chai ikapatikana.

Hapo ndipo linapoingia suala la nati, ambalo kwa maoni yangu ni la hatari kuliko yote kwa sababu halikatai papo hapo. Nati za Honda na za Toyota zina uzi mmoja, wa milimita 12 kwa hatua ya 1.5, kwa hiyo ya huku huingia kule bila kulalamika. Kinachotofautiana ni uso wa nati unaoibana rimu. Rimu asilia za Honda zina kikalio cha mviringo na nati zake zina uso wa mviringo. Rimu nyingi za chuma za Toyota, na rimu nyingi za aloi zinazouzwa madukani na makampuni mengine, huhitaji nati yenye uso wa koni. Ukifunga nati ya koni kwenye kikalio cha mviringo, inabana kwa duara jembamba tu badala ya uso mzima, na baada ya kilomita kadhaa za mtikisiko hulegea. Gari langu lilikuja kutoka Japani likiwa na rimu za aloi ambazo si za kiwandani, zinazofungwa kwa nati za koni, wakati spea yangu ni rimu asilia ya Honda. Maana yake ni kwamba spea hiyo lazima isafiri na nati zake nne za mviringo, na nimezifunga katika kitambaa ndani ya tundu la rimu yenyewe ili asiwepo mtu wa kuzitenganisha.

Rimu za aloi zisizo za kiwandani zina ujanja mwingine. Tundu lake la katikati huwa kubwa ili liingie magari mengi, na pengo hilo huzibwa kwa pete ya plastiki. Unapolitoa gurudumu njiani, pete inaweza kubaki imeng'ang'ania kitovu, na spea yenye tundu la kipimo halisi haiingii mpaka pete iondolewe. Anayelijua hilo huichomoa kwa bisibisi katika dakika moja, na asiyelijua atadhani amebebeshwa rimu isiyo yake. Vilevile chunguza kama kila gurudumu la aloi lina nati moja isiyofanana na nyingine, ile ya kuzuia wezi, ambayo haifunguki bila kifunguo chake maalumu. Kifunguo hicho hupotea Japani, hupotea melini, hupotea kwenye yadi. Kama hakipo, nati hizo zitolewe na fundi mjini, zibadilishwe kwa za kawaida, mambo yaishe.

Kuhusu tairi la kuvalisha rimu, kipimo cha kiwandani cha Fit yangu ni 185/60R15, lenye kimo cha milimita 603 hivi. Matairi yaliyotumika ya kipimo hicho si mengi sokoni, ila ya 175/65R15, ambayo Aqua hutumia, yamejaa, na kimo chake ni 608, tofauti isiyofika asilimia moja. Kwa gurudumu la akiba, hilo nalikubali bila wasiwasi. Nililolikataa ni lile la 195/65R15 la magari makubwa zaidi, ambalo wauzaji hulisukuma kwa kuwa wanalo kwa wingi: kimo chake kinafika milimita 634, asilimia 5 juu ya kipimo, na gurudumu moja likiwa kubwa hivyo kwenye ekseli ya mbele, gia na mfumo wa breki wa kuzuia magurudumu kujifunga hulazimika kuvumilia mwendo usiolingana kulia na kushoto.

Usomaji wa umri ni rahisi. Ubavuni mwa tairi pana alama ya DOT inayoishia na tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka, hivyo 1519 ni juma la 15 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipokanyaga barabara. Ndiyo maana nayatilia shaka yale magurudumu membamba ya muda yanayotolewa kwenye magari yaliyovunjwa na kuuzwa yakiwa yanang'aa, meno yote yapo, kumbe ni mpira uliolala gizani miaka 20.

Gurudumu jembamba lina wapenzi wake, na nawaelewa. Ni jepesi na haliibi nafasi ya mizigo. Linatambulika kwa herufi T mwanzoni mwa kipimo, mfano T125/70D15, hujazwa upepo wa paundi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo wake hauruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa kawaida kimo chake ni kidogo, kwa hiyo kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni vyema likae nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, unahamisha gurudumu zima la nyuma liende mbele, kazi mara mbili. Juu ya changarawe zilizolegea, au ukiwa bado na kilomita 150 kufika kwa fundi anayeaminika, wembamba huo si wa kuutegemea. Kwa njia zetu mimi ni wa gurudumu kamili, hata likila nusu ya buti.

Jeki ni habari fupi zaidi, lakini ina kosa moja linalorudiwa mno. Duka la kwanza utakaloingia litakupa jeki ya chupa, ile ya mafuta, ya tani mbili, nayo ni nzuri na ina nguvu. Tatizo ni kwamba ikiwa imeshuka kabisa bado ina kimo cha sentimita 16 au zaidi, na gari dogo lenye tairi lililolala limekaribia ardhi mno, haiingii chini. Jeki ya mkasi iliyotoka kwenye gari dogo kama lako hushuka hadi sentimita 10 hivi, na kichwa chake kina mfereji wa kupokea ukingo wa chuma ulio chini ya mlango. Ukingo huo una jozi ya alama za kukatwa nyuma ya gurudumu la mbele na jozi nyingine mbele ya gurudumu la nyuma, na jeki huwekwa kati ya alama mbili za jozi iliyo karibu na gurudumu unalolitoa. Usijaribu mahali pengine, hasa katika haibridi ambayo nyaya zake za umeme mkubwa, zenye rangi ya chungwa, hupita chini ya sakafu kutoka nyuma hadi mbele. Nunua pamoja na mpini wake, kwa sababu jeki nyingi sokoni zimeachana na mipini yake, na beba kipande cha ubao mgumu cha kuiwekea chini msimu wa mvua.

Baada ya kununua vyote, nilifanya jaribio nyumbani, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko vipimo vyote nilivyovitaja: gurudumu ambalo halijawahi kufungwa kwenye gari lako bado si spea. Egesha mahali tambarare, weka gia kwenye P, kaza breki ya mkono, zima gari, weka jiwe kwenye gurudumu lililo mshazari na lile unalolitoa. Kisha toa upepo wote kwenye tairi moja hadi gari lilale, ndipo uingize jeki. Jeki inayoingia chini ya gari lililosimama vizuri huenda isiingie hapo, na inayoingia huenda isipande kiasi cha kupokea gurudumu lililojaa, ambalo huhitaji nafasi kubwa kuliko lililolala. Fanya hivyo mbele na urudie nyuma, zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama linagusa breki.

Jaribio hilo pia huwafichua waliofunga nati mwisho. Honda inataka nati zikazwe kwa nyutoni-mita 108, ambazo kwa spana yenye mpini wa sentimita 30 ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 36 hivi mwishoni mwa mpini. Sasa mtazame kijana wa kompresa anaposimama juu ya mpini wa sentimita 50: kama ana kilo 60 tu, anakaza karibu mara tatu ya inavyotakiwa. Skrubu huvutika, na siku ya pancha mke wangu au binti yangu hatazifungua. Nilizilegeza zote mwenyewe nikazikaza upya, na kila gari linapotoka kwa fundi wa matairi narudia, jambo ambalo mafundi hao huliona kama dharau.

Ile pampu ya Kijapani niliyosema isitupwe sasa ina kazi yake halisi, kwa sababu spea hupungua upepo polepole pasipo mtu kujua, na kuikagua kila mwezi ni rahisi zaidi pampu ikiwa humo humo garini. Gurudumu lenyewe nimelilaza juu ya sakafu ya buti na kulifunga kwa mkanda wa mizigo kwenye vyuma vya chini vya kiti cha nyuma, maana kilo 15 zisizofungwa, gari likisimama ghafla, hazibaki nyuma. Kulitundika juu ya paa sikukufikiria kwa muda mrefu; wenye RAV4 za zamani, ambazo spea yake iko mlangoni nyuma, huifungia kwa mnyororo na bado hulala jicho moja wazi.

Mpwa wangu aliponunua Aqua yake, nilimshauri afungue buti kabla ya kutaja bei, na aweke spea na jeki ndani ya mapatano yale yale, kwa sharti kwamba gurudumu lifungwe mbele yake pale pale kwenye yadi. Mwuzaji alinung'unika, kisha akatoa rimu kwenye rundo lililokuwa nyuma ya ofisi, nayo ikakaa kwenye kitovu mara ya kwanza, kwa kuwa yadi za Kampala hazikosi vitu vya Toyota. Jeki ikapatikana na mpini wake. Spana waliyompa ilikuwa ya milimita 19, inayofaa Honda kama yangu, wakati nati za Toyota zinataka ya 21, na hiyo ikabidi ainunue Kisekka kwa pesa zake.